Neelix wa Star Trek: Voyager: wapi anakera, wapi anafaa

Nimeitazama Star Trek: Voyager yote, misimu 7, sehemu 172 zilizorushwa Marekani kuanzia Januari 1995 hadi Mei 2001. Kuhusu Neelix nasema hivi: katika misimu miwili ya kwanza anachosha kweli, msimu wa tatu anaanza kushika njia, na ukijua sehemu za kuruka utafika mwisho ukimpenda. Watu wengi huiacha tamthilia hii njiani kwa sababu yake. Ni hasara, maana dawa ipo.

Kwa asiyemjua: Voyager ni chombo cha anga kilichotupwa miaka-nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya kurudi inakadiriwa kuchukua miaka 75. Neelix, Mtalaksia (mtu wa sayari ya Talax) mwenye madoadoa na ndevu za mashavuni, ni mwokota vyuma chakavu wanayemkuta huko huko, naye anapanda chomboni kama mwonyesha njia. Muda si muda anakigeuza chumba cha faragha cha kulia cha Kapteni Janeway kuwa jiko, bila kumwuliza. Anakuwa mpishi, kisha anajipa na kazi ya kuwachangamsha mabaharia. Kiswahili kina neno lake: kimbelembele.

Kinachokera zaidi si jiko, ni wivu. Mpenzi wake Kes ni wa kabila la Ocampa, watu wanaoishi miaka 9 tu, na tamthilia inapoanza bado hajatimiza miaka miwili. Kila Luteni Tom Paris akimtupia jicho, Neelix ananuna na kumhoji, na waandishi walitaka tucheke. Hali hiyo inafikia kilele katika "Parturition", msimu wa 2, pale wanaume hao wawili wanaporushiana chakula mezani. Haichekeshi kwa sababu Kes hajafanya kosa lolote na anayeumia ni yeye. Ruka sehemu hiyo, hutapoteza kitu. Kero ya pili ni jinsi anavyomwandama Tuvok, ofisa wa usalama asiyeonyesha hisia, akimwita "Mr. Vulcan", yaani Bwana Vulcan, kwa jina la watu wa asili yake, kila dakika. Mzaha ni mmoja tu, mchangamfu anamsumbua mkimya, nao unarudiwa miaka bila kusogea popote. Na mzizi wa leola, ambao Neelix anautia katika kila chungu na kila mtu hauwezi, una tatizo hilo hilo.

Mzaha wa jikoni unapokuwa na matokeo, mambo hubadilika. Katika "Learning Curve", mwisho wa msimu wa 1, vifuko vya jeli vyenye seli za neva, ambavyo ndivyo ubongo wa chombo, vinaanza kuugua kimoja baada ya kingine. Chanzo ni bakteria wa jibini aliyoigandisha Neelix. Tiba yake ni kukipandisha chombo kizima homa hadi vijidudu vife. Hapo kiherehere cha mpishi kimegharimu kitu, kwa hiyo kicheko kina uzito.

Simlaumu mwigizaji. Ethan Phillips alifanya kazi hii chini ya uso wa bandia wa timu ya Michael Westmore, uliomfunika karibu kichwa chote, akabaki na macho na sauti. Mtazame machoni Neelix anapotania: mara nyingi mdomo unacheka na macho yana hofu. Phillips alikuwa anaigiza jambo ambalo hati nyingi za misimu ya mwanzo zililisahau.

Jambo lenyewe tunalijua sisi kwa methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neelix ni mgeni aliyeomba jembe siku ya kwanza. Ni mkimbizi, ndugu zake wameangamia, na anaamini kwamba siku atakapokosa kazi atashushwa. Katika sehemu ya kwanza kabisa, "Caretaker", anakubali kusaidia kwa malipo ya maji, na akipewa chumba anajaza beseni na kujilaza humo. Ukiichukua picha hiyo kama ufunguo, kila kiherehere chake kinasomeka upya.

Kwa hiyo usimfuate Neelix kwa mfululizo. Fuata sehemu 9 kwa utaratibu huu: "Caretaker", "Phage" na "Jetrel" za msimu wa 1, "Tuvix" ya msimu wa 2, "Fair Trade" ya 3, "Mortal Coil" ya 4, "Once Upon a Time" ya 5, "Riddles" ya 6, halafu "Homestead" ya 7. Jumla ni kama saa 7 na nusu. Zitafute kwa majina, si kwa namba: "Caretaker" ina dakika 90, na mahali pengine huhesabiwa sehemu moja, pengine mbili, hivyo namba za msimu wa 1 hutofautiana.

"Jetrel" ndiyo inayopindua meza. Mgeni anayeingia chomboni ni mwanasayansi aliyeunda silaha iliyoua zaidi ya watu 300,000 huko Rinax, mwezi wa sayari ya Talax, ndugu za Neelix wakiwemo. Hakuna mzaha wa leola hapa. Tunajifunza pia kwamba Neelix hakupigana vita ile, alijificha, na hasira yake nusu anajielekezea mwenyewe.

"Tuvix" ni mtego mzuri kwa anayemchukia. Mashine ya kuhamisha watu kwa miale inawachanganya Tuvok na Neelix, kwa sababu ya ua la okidi walilobeba, anatoka mtu mmoja mpya: ana busara ya mmoja na upole wa mwingine, na anapika vizuri. Ukijikuta hutaki Neelix arudi, waandishi wamekukamata, kwa kuwa kumrudisha ni kumwua huyu aliye hai anayesihi aachwe. Daktari anakataa, Janeway anaifanya kazi kwa mkono wake.

"Fair Trade" inafanya kile nilichokisubiri misimu miwili: chombo kinafika mpaka wa anga anayoijua Neelix. Ramani imekwisha, jembe limevunjika. Anatafuta ramani kwa njia za panya, anajikuta ndani ya biashara haramu na mtu anauawa. Kisha "Mortal Coil", iliyoandikwa na Bryan Fuller: Neelix anafariki, anafufuliwa baada ya karibu saa 19, na hakuona chochote cha yale aliyofundishwa, msitu mkubwa ambako dada yake Alixia angemngoja. Mchekeshaji anataka kujiua. Usimwonyeshe mtoto bila kukaa naye.

Angalizo kuhusu "Riddles", ambamo Tuvok anaumia ubongo na Neelix anamuuguza. Kitendawili cha sehemu hii, baharia aliyeishi mwaka mzima akiwa na kalenda tu, kimejengwa juu ya neno la Kiingereza lenye maana mbili, tarehe na tende: alikula "dates". Jibu la Tuvok mwishoni ni mchezo wa aina hiyo hiyo, safari hii kwa jina la siku ya Jumapili ("Sunday") na jina la aiskrimu ("sundae"). Ukisoma tafsiri chini ya skrini huenda lisikufikie, na ukilikosa umekosa kiini cha sehemu nzima, maana ndiyo mara Tuvok anapomrudishia Neelix mzaha kwa hiari.

Ndiyo sababu nasisitiza "Riddles" itangulie "Homestead". Neelix anawakuta Watalaksia wenzake wakiishi ndani ya asteroidi, anaamua kubaki nao, mabaharia wanajipanga kumuaga. Mwanzoni mwa sehemu hiyo alimbembeleza Tuvok acheze ngoma, akakataliwa. Wakati wa kuagana Tuvok hasemi mengi. Anaugusisha mguu sakafuni, kidogo tu, na hiyo ndiyo ngoma yake.