Kubadilisha mpangaji katikati ya mkataba: karatasi safi, amana yatima

Kwa miaka mitatu nilipanga nyumba ya vyumba vinne pamoja na wenzangu watatu, kupitia kampuni ya uwakala inayosimamia nyumba hiyo kwa niaba ya mwenyewe. Katika muda huo wapangaji wawili waliondoka kabla ya mkataba kwisha, kila mmoja kwa wakati wake, na mara zote mbili tulitumia huduma ambayo kampuni inaiita kubadilisha mpangaji. Tathmini hii inahusu huduma hiyo peke yake. Mengine yote sina ugomvi nayo: risiti za kodi hutoka siku ileile, matengenezo hayacheleweshwi, na fundi bomba wao ni mtu wa kuombewa maisha marefu.

Kwanza nieleze tulikuwa tumesaini nini, kwa sababu kosa letu lilianzia hapo. Hatukuwa na mikataba minne ya vyumba vinne. Tulikuwa na mkataba mmoja wenye saini nne. Mkataba wa namna hiyo unamfanya kila mpangaji awajibike kwa deni lote, si kwa robo yake tu, kiasi kwamba mmoja akiacha kulipa, mwenye nyumba ana haki ya kumdai yeyote kati ya waliobaki kodi nzima ya nyumba. Amana nayo hufuata mkondo huohuo. Sisi tuliichanga kwa mafungu manne, lakini kwenye vitabu vya kampuni iliingia kama kiasi kimoja kilichofungwa kwenye mkataba, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba fungu hili ni la fulani. Anayepanga chumba kimoja kwa mkataba wake mwenyewe yuko katika hali tofauti kabisa, kwa kuwa amana yake inasimama peke yake na kuondoka kwa jirani yake wa ukuta wa pili hakumhusu.

Mwenzetu wa chumba cha tatu alipopata kazi mbali, aliomba abadilishwe. Kwa upande wa karatasi, kampuni ilifanya kazi nzuri ambayo sina budi kuisifu. Fomu ilikuwa ya kurasa mbili na yenye lugha inayoeleweka. Mpangaji mpya alichunguzwa kipato chake na kuombwa barua ya mwenye nyumba wake wa zamani. Waliobaki tuliulizwa kwa maandishi kama tunamkubali. Kisha kikatolewa kiambatisho cha mkataba kinachomtoa mmoja na kumwingiza mwingine kuanzia tarehe iliyotajwa. Kiambatisho hicho ndicho kinachomwokoa anayeondoka. Mtu akifungasha virago na kurudisha funguo bila jina lake kufutwa rasmi, bado ni mpangaji, na deni likitokea baadaye anaweza kutafutwa hata kama hajalala humo kwa mwaka mzima. Shughuli yote ilichukua siku tisa, na ada alilipa anayeondoka, jambo ambalo naliona ni haki kwa kuwa ndiye aliyehitaji mabadiliko.

Udhaifu uko kwenye aya ya mwisho ya fomu, iliyoandikwa kwa herufi ndogo kuliko nyingine. Inasema kwamba marejesho ya amana kati ya mpangaji anayeondoka na anayeingia ni makubaliano yao binafsi. Maana yake ni kwamba kampuni haigusi fedha inayoishikilia. Mpya humlipa wa zamani robo ya amana mkononi, kisha kwenye kumbukumbu jina hubadilishwa tu. Njia hii ni rahisi na ya haraka, na mara nyingi hupita salama. Lakini inaruka hatua moja ambayo ndiyo sababu ya kuwapo kwa amana, nayo ni mtu kuingia chumbani, kuangalia, na kuandika kilichoharibika kabla fedha haijahama. Wakala anaweza pia kuufunga mkataba wa zamani, kukagua nyumba, kurudisha amana yote na kuanza upya na watu wanne. Hiyo ni kazi zaidi na gharama zaidi, na sishangai kwamba hawaitangazi.

Miezi minne baadaye mgeni wetu alikunja mkeka wa pembeni mwa kitanda ili aufue. Chini yake, kwenye sakafu ya mbao, palikuwa na alama nyeusi yenye umbo kamili la pasi, ncha ikielekea dirishani, na hata vitundu vya mvuke vilihesabika. Hakuwa na pasi. Nguo zake alikuwa akizipeleka kwa dobi. Aliniita nikaitazama, tukatazamana. Kwa kuwa alimlipa mwenzetu fungu lote bila ukaguzi, alikuwa amekirithi chumba pamoja na makovu yake.

Nilipiga simu ofisini siku hiyohiyo, nikitumaini kwamba taarifa ya mapema ingesaidia. Afisa aliyepokea alinisikiliza kwa upole, kisha akanijibu, "Dada, kwetu sisi amana ni moja. Nani alichoma sakafu, hilo mnajuana wenyewe." Kisheria alikuwa sahihi, na hapo ndipo uchungu wake ulipo. Mpangaji wa zamani, tulipomwandikia, alidai hakumbuki alama yoyote, na hatukuwa na karatasi wala picha ya siku aliyoondoka ya kumrudisha nyuma.

Mipaka hii haikuwekwa na Mungu, kwa sababu zipo sehemu zilizoishughulikia. Katika jimbo la New South Wales, Australia, sheria ya upangaji wa makazi ya mwaka 2010 inawataka wapangaji wenza waliobaki wamlipe aliyetoka fungu lake la amana ndani ya siku 14 baada ya kuliomba, huku wakiruhusiwa kukata kodi anayodaiwa. Kwa hiyo angalau kuna muda uliowekwa na kuna mahali pa kushtaki. Huko England na Wales, tangu Aprili 2007, amana za mikataba mingi ya makazi ya binafsi lazima ziwekwe chini ya mpango ulioidhinishwa, na leo mwenye nyumba ana siku 30 za kufanya hivyo, la sivyo mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia ya kati ya mara moja na mara tatu ya amana yenyewe. Mipango hiyo hutoa usuluhishi bila malipo, lakini hata humo kwa kawaida huteuliwa mpangaji mmoja wa kuwasemea wenzake, na wasuluhishi hushughulikia mgogoro kati ya wapangaji na mwenye nyumba. Ugomvi wa wapangaji wao kwa wao hawauingilii. Hukohuko England mahakama zilikwisha kuamua kwamba, pale upangaji wa pamoja unapoendelea kwa vipindi bila muda maalumu, notisi halali ya mpangaji mmoja inaweza kuuvunja mkataba wa wote. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kutoa notisi ni kujitoa wewe tu.

Mwenzetu wa chumba cha kwanza alipoondoka mwaka uliofuata, hatukuisubiri kampuni. Jioni moja kabla ya kurudisha funguo tulikaa naye chumbani na orodha ya vifaa iliyosainiwa siku ya kuingia, tukasoma mstari kwa mstari. Kitasa cha kabati kilikuwa kimelegea tangu mwanzo na kiliandikwa hivyo, kwa hiyo hakudaiwa. Rangi ya ukuta ilikuwa imefifia nyuma ya kiti, na tuliihesabu kuwa uchakavu wa kawaida ambao mpangaji hatakiwi kuulipia, kwani kuta zote hufifia watu wakiishi. Kioo cha dirisha kilichopasuka pembeni alikubali ni chake. Tulipiga picha kila kona, pamoja na chini ya godoro na nyuma ya pazia, tukakata gharama ya kioo na sehemu yake ya ankara ya umeme ambayo haikuwa imefika, kisha yeye, mpangaji mpya na mimi tukasaini nakala tatu. Ilichukua dakika arobaini, na tulicheka zaidi ya tulivyobishana.

Mkataba ulipokwisha na sote tukahama, kampuni ilituma mkaguzi makini ambaye aliiona alama ya pasi kabla hajavua koti. Makato ya awali yalikuwa gharama ya kubadilisha mbao za chumba kizima. Nilipinga kwa barua, nikaeleza kwamba sakafu ilikuwa na umri wa miaka mingi na kwamba mwenye nyumba hana haki ya kupata kipya mahali pa kilichochakaa kwa fedha za mpangaji; nikaambatisha picha za siku ya kuingia zinazoonyesha mikwaruzo iliyokuwapo. Kwa hili wanastahili sifa: walijibu ndani ya wiki moja, wakakubali kwamba mbao tatu zinatosha, na makato yakashuka hadi chini ya theluthi ya yale ya kwanza. Tuliyagawana watu wanne, ingawa wote wanne tulijua kwamba aliyechoma hakuwa miongoni mwetu. Amana iliyobaki ililipwa kwenye akaunti moja, yangu, nami nikawa mhasibu kwa siku mbili bila mshahara.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za kiambatisho cha mkataba na kasi ya kazi, na moja ni ya namna walivyopokea pingamizi langu. Katika barua yangu niliwaomba pia wawe wanakagua chumba kila mpangaji anapobadilishwa, hata kwa ada ya ziada, na nikawaeleza kwamba mimi ningeilipa. Walinishukuru, na mwezi uliopita rafiki yangu aliyepanga kupitia kwao alinionyesha fomu mpya: sasa ina ukurasa wa tatu, wenye nafasi ya kuandika hali ya chumba na saini ya anayetoka na anayeingia. Nafasi ya saini ya wakala haimo.