Uzoefu wangu na wokaraundi ya futi 28: kuvua bahari kuu na kutembea na familia kwa boti moja

Boti hii nimeitumia vya kutosha sasa, bahari ikiwa shwari na ikiwa imechafuka, kwa hiyo naweza kuisemea kwa mtu anayetafuta chombo kimoja cha kazi mbili, yaani leo unaenda kukimbiza jodari na nduaro huko nchi kavu haionekani, kesho unapakia mke na watoto mnazunguka visiwani mnalala huko huko. Ni wokaraundi ya futi 28, ya faiba, injini mbili za nje. Kwa asiyeijua, wokaraundi ni ile yenye kabini ndogo mbele na vijia pande zote mbili, samaki akianza kuizunguka boti unamfuata mpaka omo, yaani mbele kabisa, na rodi ya kuvulia mkononi bila kupanda juu ya kabini.

Msimamo wangu baada ya kukagua nyingi ni huu: nunua boti ya uvuvi alafu iongezee starehe, usinunue boti ya starehe alafu uipigilie vishikio vya rodi. Mito, turubai la kivuli, friji, hivyo vyote unaongeza baadae kwa nafasi yako. Umbo la chini, kimo cha ukingo, deki inayotoa maji yenyewe, hivyo huongezi, vimeshatoka hivyo kwenye moldi, lile umbo boti ilipomiminiwa.

Ndo maana nilianzia chini kabisa. Angalia pembe ya V ya tumbo la boti pale tezi, yaani nyuma, sio omo, maana omo karibu zote zimechongoka na zinapendeza kwenye picha. Boti nyingi za bahari kuu ziko kati ya digrii 20 na 24 pale nyuma, hii yangu ina 21, na faida yake unaiona mnarudi jioni upepo umeamka, inapasua wimbi badala ya kulipiga kwa tumbo, na mtoto anaweza kulala ndani mnakwenda. Mwaka 1960 Richard Bertram alishinda mbio za boti za Miami hadi Nassau bahari ikiwa mbaya sana, akiwa na boti iitwayo Moppie yenye V ya kina iliyochorwa na Ray Hunt, na toka hapo wajenzi wa boti za uvuvi wakaifuata ile michoro mpaka leo. V ya kina ina gharama zake lakini, inakula mafuta zaidi kuliko tumbo bapa na ukisimama inayumba. Mkiwa mnaelea na kuvua chini, injini zimezimwa, ndo wakati watoto wanaanza kupauka midomo kwa kichefuchefu. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuwakalisha nyuma katikati, chini, nje kwenye hewa, macho kwenye upeo wa bahari, na simu ziwekwe. Mtu akishuka kabini muda huo amekwisha. Kuna jairo za kutuliza boti, gurudumu zito linazunguka kwa kasi sana ndani ya kasha lisilo na hewa, zinapunguza kuyumba kweli kweli ila zinataka umeme mwingi na uzito na nafasi, kwa futi 28 mimi niliona bora hiyo nafasi iwe ya mafuta.

Kibao cha boti usikipite hivi hivi. Zinazouzwa Ulaya zina daraja A mpaka D, na mtu wa bahari kuu aanzie B, ambayo ni upepo mpaka nguvu 8 kwenye kipimo cha Beaufort na mawimbi ya mita 4, wakati C inaishia nguvu 6 na mita 2. Na hizo mita sio wimbi kubwa kuliko yote, ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa, kwa hiyo moja moja linaweza kuja refu zaidi ya hapo. Alafu soma idadi ya watu kwa kila daraja, maana boti moja inaweza kuruhusiwa watu wengi kwenye C na wachache kwenye B, na muuzaji atakutajia ile kubwa.

Kujaribu, nilikataa kujaribu ndani ya bandari. Nilitaka siku ya upepo, tangi limejaa, na familia yote ndani kwa sababu ndo uzito utakaobebwa. Kwenda kinyume na mawimbi boti nyingi zinajitahidi, wewe igeuze mawimbi yaje kwa nyuma uone kama omo inachimba na kuvuta usukani pembeni, hiyo ndo tabia ya hatari na huwezi kuijua ukiwa umesimama gatini. Mke wangu yeye aliingia chooni tukiwa mwendoni, akafunga mlango, akakaa humo dakika kadhaa, akatoka akasema hii sawa. Ile nyingine tuliyoipenda, senta konsoli, yaani deki wazi na usukani kwenye kasha la katikati (ndo konsoli), nzuri kweli kwa uvuvi, choo chake kilikuwa cha kuinama ndani ya konsoli, na kwa hilo tu safari za familia zingekufa. Jamani msilidharau hili, boti isiyo na choo cha heshima inabaki ya baba peke yake.

Upande wa uvuvi imenifurahisha. Ukingo unanifika mapajani, na kwa watoto ni ukuta. Tezi ina mlango wa kumpitishia samaki mkubwa ambao familia inautumia kushukia kuogelea, benchi la nyuma linakunjwa likapotea kabisa nikianza kuburuta chambo. Sanduku la samaki lina ganda nene na linatoa maji nje, sio kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, hili ulizeni, maana damu ikiingia ngama harufu haitoki leo wala kesho na kabini hailaliki.

Injini mbili ni amani ya moyo, lakini zikinywa mafuta machafu kutoka tangi moja zinazima zote mbili, kwa hiyo kila injini iwe na chujio lake la kutenganisha maji, la maikroni 10. Na mafuta nagawa mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kurudi, moja haliguswi.

Ninayolalamikia: kabini ina joto na ni fupi, mtu mzima haketi wima, usiku mmoja au miwili inatosha. Vijia vya pembeni ni vyembamba kwa mtu mwenye mguu mkubwa. Pampu ya ngama imewekwa pahali mkono haufiki vizuri, na hiyo ni sehemu unayoihitaji upesi kuliko zote.

La mwisho ni moshi, na hapa naomba kila mwenye watoto asome. Ukifunga mapazia ya mbele na pembeni sababu ya mvua ukaacha nyuma wazi, hewa inajirudia na kuvuta moshi wa injini ndani, na ile kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, inalaza watu wakidhani ni uchovu wa bahari. Fungua mbele hewa ipite, weka king'ora chake kabini, na mtoto asikae kwenye jukwaa la kuogelea injini ikiwa inaunguruma.

Kama kwako uvuvi ndo karibu safari zote, chukua senta konsoli ya V ya kina yenye choo cha kusimama. Kama mnalala baharini wiki nzima, nenda pailoti hausi, ile yenye chumba cha usukani kilichofungwa, ya futi 30 kuendelea na ukubali deki ndogo ya kuvulia. Mimi hii siiuzi, kinachofuata ni kuiwekea kivuli cha kukunja kinachofika mpaka tezi, maana kivuli cha kudumu pale nyuma kinagongana na rodi.