Bonsai ya maua: mti gani ununue kwanza na upi uuache hapo hapo kwenye kitalu

Ukienda kununua bonsai ya maua, yaani mti unaofugwa mdogo kwenye chungu ili ufanane na mti mkubwa, usianze kwa kuangalia maua. Najua maua ndo yaliyokupeleka pale, lakini yale yatadondoka baada ya muda mfupi na msimu ujao yatarudi, ila shina likiwa jembamba limenyooka tu halina umbo utakaa nalo hivyo hivyo miaka, kwa sababu mti ukishaingia kwenye chungu kidogo kunenepa kunakuwa kwa taratibu sana. Wauzaji wanalijua hili vizuri, ndo maana mti unasogezwa mbele siku umechanua na watu wanaunyakua bila hata kugusa udongo.

Kwa hiyo mi naangalia hivi: kwanza shina, linene chini halafu linapungua kadri linavyopanda, pili mizizi ya juu inayotandaa pande zote, tatu kama kuna matawi ya chini yaliyo hai, rangi ya ua inakuja mwisho kabisa. Na kuna jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi: ukipogoa mti mara kwa mara na kuupa jua la kutosha majani yanapungua ukubwa, lakini ua halipungui, na tunda halipungui. Mti wa sentimita 25 wenye ua la upana wa kiganja hautafanana na mti mkubwa hata ufanyeje. Mpangilio wangu wote hapa chini umesimama juu ya hilo, pamoja na uvumilivu wa mti wenyewe kwa mtu anayeanza.

Nachukulia una sehemu ya nje yenye jua, hata kibaraza tu. Kama huna kabisa ruka moja kwa moja hadi namba tano.

Namba moja: bogenvilia

Hapa sina mjadala. Bogenvilia asili yake ni Amerika Kusini, mtaalamu wa mimea Mfaransa Commerson aliukuta Brazili miaka ya 1760 akiwa kwenye safari ya meli za nahodha Bougainville ndo ukapata jina hilo, na leo kila sehemu yenye joto unapatikana, mara nyingi kama uzio. Hiyo ndo faida yako mnunuzi. Huhitaji kutafuta bonsai iliyokwisha kutengenezwa, tafuta kichaka cha zamani ambacho mtu anataka kuking'oa au kilichokaa kitaluni muda mrefu hakijauzwa, shina limeshakuwa nene na lina makovu. Unalikata fupi, unaliacha kisiki karibu bila majani, na likiwa kwenye joto linachipua upya kwa nguvu mpaka unashangaa.

Ile rangi unayoiona, ya zambarau, ya chungwa, nyeupe, nyekundu, sio ua hasa, ni majani matatu yaliyobadilika rangi na kila moja limebeba kiua kidogo cheupe cha mrija. Ndo maana rangi yake inadumu muda mrefu kuliko maua mengine kwenye orodha hii.

Sasa ukiwa unanunua angalia haya. Aina ya Bougainvillea glabra ndo nzuri zaidi kwa chungu kidogo, majani yake sio makubwa sana na inarudia kuchanua. Ile ya rangi tatu nne kwenye shina moja imebebeshwa, yaani vipande vya miti tofauti vimeunganishwa, mara nyingi utaona uvimbe pale zilipoungana, na kwa kawaida rangi moja ina nguvu kuliko nyingine kwa hiyo baada ya muda inazimeza zenzake, mi siichukui. Halafu bonyeza kwa kidole sehemu zote zilizowahi kukatwa matawi makubwa, mbao ya bogenvilia ni laini inaoza haraka, ukikuta panabonyea au pana shimo jeusi lenye unyevu jua kuoza kumeshaingia ndani. Sio lazima uuache, kuna watu wanapenda shina lenye pango, ila bei ishuke.

Mizizi yake inakatika kirahisi, haishikani na udongo vizuri, kwa hiyo usiuvute kwa shina ili kuutoa kwenye chungu kuangalia. Utikise kidogo tu. Ukicheza cheza sana maana yake umehamishwa juzi, haujashika.

Utunzaji wake ni jua, jua, jua, masaa sita kwa siku ndo kiwango cha chini kabisa. Mtu anakuambia bogenvilia yangu ina majani tu haichanui, ukimuuliza unakuta iko kivulini, anamwagilia kila siku na anaweka mbolea yenye nitrojeni nyingi, sasa hapo mti unakosa sababu ya kuchanua. Acha udongo ukauke mpaka uone majani yanaanza kulegea kidogo, ndo umwagilie vizuri maji yatoke chini, rudia hivyo kwa wiki chache. Maua yanakuja kwenye vichipukizi vipya, kwa hiyo yakiisha pogoa hapo hapo usisubiri. Na waya wa kukunja matawi weka kwenye matawi machanga tu ya kijani, tawi likishakuwa mti kweli ukilikunja linavunjika.

Namba mbili: mkomamanga kibete

Hapa naongelea ile aina inayoitwa Nana, sio mkomamanga wa kawaida wa matunda makubwa. Nana una majani madogo, ua jekundu la chungwa lisilozidi mti wake, na vitunda vidogo ambavyo vinaendana na ukubwa wa chungu, yaani unapata mti, ua na tunda vyote kwa uwiano mmoja, kitu adimu sana. Shina la mkomamanga likizeeka lina tabia ya kujisokota lenyewe, na ukiuona ulioanza kujisokota kitaluni ununue hata kama matawi yake ni fujo, matawi utayatengeneza.

Ukianza kuchanua utaona maua ya aina mbili, moja lina kitako kilichojaa na lingine limechongoka kuelekea kwenye kikonyo. Lile lililojaa ndo linaweza kushika tunda, lililochongoka litadondoka tu na hakuna shida yoyote. Usiache matunda mengi, mti mdogo unachoka. Ila kuna aina nyingine yenye maua yaliyojaa petali nyingi nyingi, ile mara nyingi haizai, kwa hiyo kama unataka matunda uliza kabla.

Namba tatu: Wrightia religiosa, na Murraya paniculata pembeni yake

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote mbili unanunua kwa ajili ya harufu. Wrightia ni mti unaopendwa sana na watu wa bonsai wa Vietnam, Thailand na Malaysia, maua yake ni meupe madogo yananing'inia chini kwenye vikonyo virefu vyembamba, jioni harufu inajaa eneo zima. Kizuri zaidi ni kwamba unaweza kuuamuru: ukiutoa majani yote ukiwa na afya, vichipukizi vipya vinakuja na maua pamoja baada ya wiki chache. Unapenda maji kuliko miti mingi ya bonsai, na mizizi yake inajaa chungu haraka, kwa hiyo uliza mara ya mwisho udongo ulibadilishwa lini.

Murraya una mbao ngumu, shina la rangi ya mchanga lenye misuli, kwa shina peke yake ningeweza kuuweka juu zaidi. Tatizo ni kwamba ni jamaa wa machungwa na unabeba kidudu kinachosambaza ugonjwa mbaya wa michungwa, kuna nchi zinazuia kuusafirisha. Ukiwa karibu na mashamba ya machungwa au ndimu naomba uuache kabisa.

Namba nne: azalea, hasa satsuki

Huu ndo mti mzuri kuliko yote niliyoandika hapa. Ukichanua unafunikwa wote hadi jani halionekani, na mti mmoja wa satsuki, azalea za Kijapani, unaweza kutoa maua meupe, ya pinki na yenye mistari kwa wakati mmoja. Kwa nini basi nimeuweka wa nne, ni kwa sababu haukusamehi ukikosea. Unataka udongo wenye asidi, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi, maji yenye chokaa yanaugeuza majani kuwa ya njano taratibu, na mizizi yake ni laini mno kama nywele, ikikauka mara moja tu imekwisha. Wajapani wanaupanda kwenye kanuma, mawe mepesi ya manjano ya volkano kutoka eneo la Kanuma huko Tochigi, na uzuri wake rangi inakolea ikiwa na maji na inafifia ikikauka kwa hiyo unaona kwa macho wakati wa kumwagilia. Kama unaweza kupata kanuma na maji ya mvua, upandishe azalea juu kwenye orodha yako. Kama unaishi sehemu ya joto mwaka mzima bila kipindi cha baridi, vitumba vya maua vitakusumbua.

Tahadhari ya kununua: azalea za maduka ya maua mara nyingi ni vipandikizi vitatu vinne vimechomekwa chungu kimoja ili kionekane kimejaa. Fungua majani kwa mikono uone chini, unataka shina moja. Pia tofauti na miti mingi, azalea ina nguvu chini na udhaifu juu, kwa hiyo kilele ukikipogoa sana kinakufa. Kupogoa ni mara tu baada ya maua kuisha, ukichelewa unakata maua ya mwaka ujao. Na majani yake ni sumu, kama una mbuzi, paka au mtoto anayeweka kila kitu mdomoni weka juu.

Namba tano: karmona

Carmona retusa, majani madogo yanayong'aa, viua vyeupe vidogo karibu mwaka mzima, baadae vitunda vyekundu. Ndo chaguo la mtu wa dirishani, ila dirisha liwe na mwanga kweli. Hautaki baridi, chini ya nyuzi joto 10 unaumia. Mingi inauzwa na mawe yamegundishwa juu ya udongo kwa gundi, yang'oe siku hiyo hiyo maana maji hayapiti.

Namba sita: serisa

Viua vyake vyeupe kama nyota vinavutia sana na bei yake huwa ya chini, lakini ukiuhamisha tu kutoka dirisha hili kwenda lile unadondosha majani. Watu wanadhani umekufa wanamwaga maji mengi, hapo sasa ndo unakufa kweli kwa mizizi kuoza. Nunua kama una subira ya kuuacha sehemu moja. Mizizi yake ikikatwa inanuka, ni kawaida.

Namba saba: haibiskasi

Ua kubwa, jani kubwa, na kila ua linakaa siku moja hivi. Kwenye bustani ni mzuri mno, kwenye chungu cha bonsai uwiano haupo.

Waridi la jangwani sijalipanga. Ni mmea mzuri wenye shina nene la kuhifadhi maji, nunua ukiupenda, ila matawi yake hayatengenezeki kama ya mti na utomvu wake una sumu kali, zamani ulipakwa kwenye mishale. Ni jamii nyingine ya ufugaji wa mimea.

Ununue ukiwa katika hali gani

Kwa mtu anayeanza, kichaka cha kawaida cha kitalu chenye shina nene ndo kinakupa thamani kubwa kuliko kitu kingine, halafu ndo unafuata mti ulioanza kukatwa na kufungwa waya lakini haujakamilika. Mti uliokamilika ni ghali kwa haki kabisa, mtu ameweka miaka yake pale, ila kama hujui kumwagilia bado, subiri kwanza. Pakiti za mbegu za bonsai usinunue, hamna mbegu ya bonsai duniani, ni mbegu za miti ya kawaida na utasubiri miaka mingi kabla ya kupata kitu cha kukata.

Mti wowote ule, kwaruza gome kwa ukucha sehemu ndogo, chini yake pawe kijani chenye unyevu. Geuza majani uone upande wa chini kama kuna utando wa utitiri au madoa meupe ya pamba. Angalia waya kama umezama kwenye gome, hayo makovu hayaondoki haraka, kwenye azalea ndo kabisa. Sukuma udongo wa juu kwa kidole utafute mizizi inayotandaa, ukikuta mzizi mmoja mnene umejizungusha kwenye shina rudisha. Na hakikisha chungu kina matundu chini, kuna vyungu vizuri vya kauri vinauzwa bila hata tundu moja.

Ukifika nao nyumbani usiubadilishe chungu wala usiupogoe wiki hiyo, uweke sehemu yenye mwanga unaofanana na ule ulikotoka, usogeze juani kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi. Kama umechanua sana furahia siku kadhaa halafu punguza nusu ya maua, mti uliosafiri unahitaji nguvu zake kwenye mizizi. Mbolea subiri mpaka uone vichipukizi vipya vinatoka.