Kusajili biashara kupitia eCitizen: urahisi wake na unapokomea

Nilisajili jina la biashara yangu ya siagi ya karanga kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na huduma hiyo yenyewe ninaipendekeza bila kusita. Ada ya jina la biashara ni shilingi 950, zinazolipwa kwa simu, ilhali kampuni hulipiwa 10,650, na tangu Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 mtu mmoja anaweza kuianzisha peke yake. Kilichonitoa nyumbani ni fomu ya maombi ya usajili, BN2, tu, ambayo niliichapisha saiba, nikaitia sahihi palepale juu ya kaunta na mhudumu akaiskani. Andaa majina kadhaa mapema, kwa maana jina linalofanana na lililokwisha kusajiliwa hukataliwa.

Hata hivyo, cheti hicho hukupa jina tu, wala si ruhusa ya kuuza. Mwenye chakula anahitaji pia kibali cha kaunti, vyeti vya afya vya wanaokishika, na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kufikiria rafu za maduka makubwa. Katika kaunti niliyoanzia, nililipia kibali mwezi Septemba, na ilipofika Januari nikadaiwa kingine kizima, kwa kuwa mwaka wao huisha tarehe 31 Desemba hata kama ulifungua milango jana yake. Wakati huo mali yangu yote ilikuwa mashine moja ya kusaga na magunia mawili ya karanga.

Kodi nayo yataka hesabu ya makini. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo badala ya asilimia 1 ya awali. Nasema mauzo, si faida: aliyeuza kwa 1,200,000 anadaiwa 36,000 hata kama karanga zilipanda bei akapata hasara. Anayetunza vitabu vyake vizuri anaweza kumwandikia Kamishna wa kodi aondolewe katika utaratibu huo, atozwe kwa faida, na kwa mtengenezaji mwenye gharama kubwa ningeshauri alipime jambo hilo kabla ya mwezi wa kwanza kwisha.

Kuhusu mtaji, Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, hukopesha mtu binafsi kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni nafuu ya kweli ukilinganisha na mikopo mingi ya simu. Muda wa kulipa, lakini, ni siku 14. Muda huo unamfaa muuza sukuma wiki anayerudisha pesa yake jioni ileile. Mimi nilipeleka mitungi 48 katika duka moja kubwa mwezi Machi nikalipwa Juni, na karanga za msimu uliofuata nilizinunua kwa zamu yangu ya chama, kikundi chetu cha kuchangiana pesa.