Kihesabio cha kubonyeza: kinafaa kuhesabu mirusho ya watoto?

Anayejitolea kuhesabu mirusho kwenye besiboli ya watoto, yaani mara ngapi mrushaji amemrushia mpigaji mpira ili asipite kikomo chake cha siku, hukabidhiwa karatasi na penseli, au programu ya simu, au kale kadude ka chuma kenye pete ya kidole na dirisha la namba nne. Tunakipima hicho cha mwisho. Hukumu tunaitanguliza: nunua, lakini nunua viwili, na karatasi usiiache.

Kinavyofanya kazi hakuna fumbo. Dole gumba likibonyeza, namba inapanda moja, kuanzia 0000. Ubavuni kuna kirungu cha kuzungusha ili kurudisha sifuri. Sifa yake kubwa ni kwamba hakidai macho: unamtazama mrushaji, kidole kinahisi mbofyo. Simu hudai uitazame kila mrusho, na juani kioo chake hakisomeki.

Chagua cha chuma. Vya plastiki nyepesi kitufe hulegea, mbofyo mmoja ukahesabiwa mara mbili au usihesabiwe kabisa. Jaribio ni hili: bonyeza mara 100 upesi, kisha soma. Kikionyesha 99 au 101, kirudishe. Wala usipewe kile cha waamuzi badala yake; kile kina magurudumu ya boli (mrusho mbaya ambao mpigaji ameuacha), straiki (mrusho mzuri aliouacha au aliokosa kuupiga) na auti (mchezaji kutolewa), na hakiwezi kufika namba kubwa kama 85.

Udhaifu wake uko mahali pengine. Kwanza, hakirudi nyuma. Ukibonyeza kimakosa, andika "toa 1" kwenye karatasi papo hapo. Wengine huruka mrusho unaofuata ili kusawazisha; baada ya dakika mbili hawakumbuki kama walishauruka. Pili, kirungu hugeuka mfukoni na hesabu yote ikapotea, kwa hiyo kivae kidoleni hadi mchezo uishe. Tatu, na hili ndilo kubwa, hakijui nani anarusha. Mrushaji anabadilika kila nusu ya awamu (awamu ni timu zote mbili kupata zamu ya kupiga), na ukisahau kuandika namba na kurudisha sifuri, mirusho ya mtoto mmoja inaangukia kwa mwenzake. Ndiyo maana tunasema viwili, kimoja kwa kila timu, tena cha rangi tofauti.

Kinachobonyezwa ni kila mrusho kwa mpigaji: boli, straiki, faulo (uliopigwa ukatoka nje ya mistari), uliompiga mpigaji, na uliopigwa ukaingia mchezoni. Huo wa mwisho ndio unaosahaulika kuliko yote, kwa sababu macho hukimbilia mpira na dole gumba likalala. Zoea kubonyeza mpira unapomfikia mpigaji, kabla hujajua umekuwa nini. Mirusho ya kupasha misuli haihesabiwi, wala ile ya kumbana mkimbiaji kwenye besi, yaani kituo anachokimbilia. Kwenye Little League, shirika la besiboli ya watoto la Marekani, kocha akitangaza kumpa mpigaji besi ya kwanza bila kurusha, ongeza 4 hata kama mpira haujatoka mkononi.

Sheria hizo za Little League, zilizoanza kuhesabu mirusho mwaka 2007, ndizo zinazoonyesha kwa nini kihesabio peke yake hakitoshi. Kikomo kwa siku ni mirusho 50 kwa miaka 7 na 8, 75 kwa miaka 9 na 10, 85 kwa 11 na 12, na 95 kwa 13 hadi 16. Mapumziko kwa walio na miaka 14 au chini yake: mirusho 21 hadi 35 ni siku 1, 36 hadi 50 siku 2, 51 hadi 65 siku 3, kuanzia 66 siku 4. Sasa chukua mtoto aliyeanza na mpigaji akiwa na 33, akammaliza kwa 38. Akitolewa kabla ya kumrushia mpigaji mwingine, anapumzika siku 1, kwani alivuka 35 akiwa bado na mpigaji yule yule. Kihesabio kinasema 38 tu, na anayekisoma atampa siku 2. Basi hesabu ikikaribia 20, 35, 50 au 65, andika namba kila mpigaji mpya anaposimama. Fanya hivyo pia karibu na 40, maana aliyerusha 41 au zaidi haruhusiwi kuwa mdakaji (anayedaka mirusho nyuma ya mpigaji) siku hiyo, na karibu na kikomo cha siku, kwa sababu hapo pia mrushaji huruhusiwa kummaliza mpigaji aliye mbele yake.

Kila nusu ya awamu ikiisha, linganisha namba na mhesabu wa timu ya pili kabla watoto hawajabadilishana uwanja. Tofauti ya mrusho mmoja hutatuliwa kwa kuwakumbuka wapigaji watatu au wanne; ukingoja mwisho wa mchezo hakuna anayekumbuka. Kikomo kikifika, mwambie mwamuzi mkuu. Ukisahau, kocha hawezi kujitetea kwa kosa lako, kwani jukumu la kumtoa mrushaji ni lake.

Kama timu tayari ina mtu anayeandika kila mrusho kwenye programu, kihesabio kimoja cha kuhakiki kinatosha. Matunzo ni kitambaa kikavu. Usikitie mafuta, vumbi la uwanjani litanasa humo na kitufe kitakwama.