Ukuta wa helmeti Atlanta: College Football Hall of Fame kwa macho ya mama asiye na timu

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka aondoke nayo: nendeni. Nendeni hasa kama mmeishi Marekani miaka kadhaa na bado hamumwelewi yule mhasibu wa kazini, mtu mpole, mzee wa kanisa, ambaye kila Jumamosi ya vuli anabweka mbele ya televisheni. College Football Hall of Fame imejengwa kuwaenzi wachezaji na makocha wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Mimi nimetoka humo nikiwa nimewaelewa mashabiki.

Iko katikati ya Atlanta, Mtaa wa Marietta, ubavuni mwa kumbi za mikutano za Georgia World Congress Center, na Centennial Olympic Park iko hatua chache tu. Ilifunguliwa hapa Agosti 2014. Kabla ya hapo ilikuwa South Bend, Indiana, na kabla ya South Bend ilikuwa Ohio. Kumbe makumbusho nayo yanaweza kuhamahama kutafuta riziki, kama sisi.

Mlangoni unapewa beji yenye chipu na kuulizwa swali moja: timu yako ni ipi? Unachagua chuo kwenye skrini, unainua macho, na kwenye ukuta mrefu wa ghorofa tatu, wenye helmeti zaidi ya 760 zilizopangwa safu kwa safu, helmeti ya chuo chako inawaka taa. Si vyuo vikubwa peke yake. Hata kile chuo kidogo cha kanisa kinachochezea kwenye uwanja wenye majukwaa ya upande mmoja kina helmeti yake pale. Kuanzia hapo beji inakutambulisha kila unakokwenda ndani ya jengo: ukisogea kwenye skrini, inakuletea habari za chuo chako, nyimbo zake na nyota wake.

Nilisimama pembeni ya foleni nikawasikiliza watu wakijibu. Hakuna aliyesita, na karibu kila mmoja aliongeza sababu bila kuulizwa. Baba alisoma pale. Bibi alikuwa na tiketi za msimu, akifa akaniachia. Nimezaliwa Tuscaloosa, nyumbani kwa timu ya Alabama, unategemea niseme nini? Mzee mmoja alichagua chuo ambacho sijawahi kukisikia, taa ikawaka juu kabisa karibu na dari, akawaita wajukuu wake wote waje waone, na mmoja akamwuliza kama na wao lazima wawe wa timu hiyo. Akasema ndiyo. Kesi imeisha. Kwa aliyekulia kati ya Simba na Yanga, hili la kurithi halihitaji maelezo. Kilichokuwa kinanishangaza mimi ni wale wasiorithi chochote, na familia yangu ina watatu wa aina hiyo.

Baba watoto alijibu "Michigan" kabla dada wa mapokezi hajamaliza kuuliza. Hajasoma Michigan hata siku moja. Alifika Detroit mwezi wa Januari na koti la mvua, mwenyeji wake akamhurumia akampeleka duka la mitumba, akanunua koti zito la buluu lenye herufi M kubwa ya njano kifuani. Hakujua herufi ile ni ya nani. Alichotaka ni joto. Lakini tangu alipolivaa, watu asiowajua wakaanza kumsalimia: "Go Blue!" Kituo cha basi, foleni ya benki, hata polisi kwenye taa za barabarani. Fikiria mtu mgeni, baridi ya kukata masikio, hana ndugu ndani ya kilomita elfu kumi, na bado anasalimiwa kutwa nzima kwa sababu ya koti. Akajifunza kuitikia hivyo hivyo. Halafu ikambidi ajue anaitikia nini, vuli ilipofika akakaa kutazama mechi, na ndiyo ikawa basi tena. Leo atakueleza kwamba yale mabawa ya njano kwenye helmeti yaliletwa na kocha Fritz Crisler mwaka 1938, na kwamba uwanja wao wa Ann Arbor una nafasi 107,601. Ohio State, mahasimu wao, haitajwi wakati wa kula.

Binti yetu mkubwa alichagua Georgia. Huyu alikuwa hajui mpira wa aina yoyote. Sekondari alikuwa mtu wa vitabu na kwaya. Akaenda University of Georgia, kule Athens, na Jumamosi ya kwanza ya msimu wenzake wa bweni wakamburuta Sanford Stadium. Alinipigia simu usiku huo sauti imekauka. Kabla ya mechi, akaniambia, mpiga tarumbeta mmoja peke yake anasimama kwenye kona ya juu ya uwanja, anapiga noti chache za taratibu, na watu zaidi ya elfu tisini wananyoosha mikono kumwelekea. Kisha bendi nzima inamdaka. Kuna ua wa michongoma umezunguka uwanja. Kuna bulldogi mweupe anayeitwa Uga, ukoo mmoja wa mbwa wanaopokezana tangu 1956, naye ana kibanda chenye kiyoyozi pembeni mwa uwanja. Wakati wa kuanza mpira watu wanavuta "Gooo" ndefu mpaka mguu uguse mpira, halafu wanabweka. "Mama, nimebweka," akasema. "Nilikuwa simjui mtu, lakini msichana wa pembeni alikuwa ananionyesha, sasa mikono juu, sasa geuka huku. Robo ya mwisho nikawa mimi ndiye namwonyesha mwingine."

Hapo, naona, ndipo panapotengenezwa mashabiki wengi. Una miaka kumi na minane, umetoka kwenu kwa mara ya kwanza, unalala chumba kimoja na mtu uliyemjua wiki mbili zilizopita, na mechi za nyumbani ni sita au saba tu kwa msimu mzima. Si kama ligi inayochezwa kila mara mpaka mtu akachoka. Kila Jumamosi moja ina mavazi yake, chakula chake kinachopikwa nyuma ya magari tangu asubuhi, na wimbo wake. Ukikosa, umekosa kitu ambacho Jumatatu kila mtu atakizungumzia. Matokeo ya uwanjani yana nafasi yake, sikatai. Georgia walibeba ubingwa wa taifa wa msimu wa 2021 na wa 2022, na hilo halikumfukuza mtu. Lakini binti yangu alikuwa ameshanaswa siku ile ya tarumbeta, na hata leo hawezi kukwambia walicheza na nani.

Mdogo wake, kwa bahati mbaya ya nyumba yetu, alichagua uhandisi na Georgia Tech. Tech iko hapa hapa mjini; uwanja wao wa Bobby Dodd uko katikati ya majengo ya chuo, na timu inaingia uwanjani ikiongozwa na gari la Ford la mwaka 1930 lenye rangi ya dhahabu na nyeupe. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa kofia ya njano. Na wanafundishwa, nadhani kabla hata ya hesabu, kwamba Georgia ni adui.

Sasa mnaelewa nilivyokuwa nimesimama mbele ya lile swali la mlangoni. Mimi nimesomea uuguzi kwenye chuo cha wilaya ambacho hakina timu, hivyo ukutani hapakuwa na helmeti yangu. Watu watatu wananiangalia. "Mama, sema," anasema binti. Mdogo wake amekaa kimya, na ukimya ule ndio ulioniponza, kwa sababu nilikumbuka Ijumaa ya tarehe 29 Novemba 2024, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani. Georgia na Tech wanacheza Athens. Dada mtu yuko uwanjani, kaka mtu yuko sebuleni na mimi, nimevaa nguo za kazi kwa sababu nimetoka zamu. Tech wanaenda mapumziko wakiongoza 17 kwa 0. Georgia wanarudi, wanasawazisha dakika ya mwisho, 27 kwa 27. Muda wa nyongeza wa kwanza, wa pili, kisha zile nyongeza fupi ambazo kila timu inapewa jaribio moja tu la pointi mbili kutoka yadi tatu mbele ya mstari wa goli. Nyongeza zote zikafika nane. Mtoto hakai, anasimama, anashika dari. Mimi nisiyejua sheria nikajikuta nimesimama pia. Georgia 44, Tech 42. Hakulia. Alikwenda kuosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Nikabonyeza Georgia Tech. Helmeti ya dhahabu ikawaka. Binti hakunisemesha mpaka ghorofa ya pili.

Ghorofa hiyo ni ya mashabiki hasa, na ndiyo niliyokaa muda mrefu zaidi. Kuna skrini ndefu za kugusa, sehemu za mila za vyuo, na kibanda cha kuimba wimbo wa chuo chako maneno yakipita mbele yako. Niliimba wa Tech na mwanangu kwa aibu kubwa na sauti ndogo. Baba watoto akauimba wa Michigan kama yuko kwenye harusi. Beji yangu ikaanza kunilisha habari za timu yangu mpya, na ya kwanza niliyotaka kuisoma ni ile ya mwaka 1916: Georgia Tech 222, Cumberland 0. Kocha alikuwa John Heisman, yule ambaye tuzo ya mchezaji bora imeitwa kwa jina lake. Pointi mia mbili ishirini na mbili! Binti aliposikia nasoma kwa sauti akasema hiyo ni ya kale. Nikamjibu kuwa imo kwenye vitabu. Nikashtuka: nusu saa tu, na mimi tayari nabishana.

Chini kuna uwanja wa ndani wa yadi 45 ambapo unaweza kurusha mpira na kujaribu kuupiga katikati ya milingoti. Watoto wanapapenda. Mpira ule wa umbo la yai ukiupiga vibaya unakwenda unakotaka wenyewe, na nitaishia hapo.

Ghorofa ya tatu ndiyo ukumbi wenyewe wa heshima, majina ya waliopokewa tangu kundi la kwanza la 1951. Kwa asiyewajua ni majina mengi mno, nikayapita haraka, isipokuwa moja: Knute Rockne. Alizaliwa Norwei mwaka 1888, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akawa kocha wa Notre Dame, chuo cha Wakatoliki, kuanzia 1918 mpaka 1930, akafa kwa ajali ya ndege mwaka uliofuata. Katika miaka yake Notre Dame walikuwa wakienda New York kucheza na Army, timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, na Wakatoliki wa jiji lile, Waayalandi na wahamiaji wengine waliodharauliwa, wengi wao wasiokuwa na mtoto wala ndugu chuoni, walijaa kwenye treni za chini ya ardhi kwenda kuishangilia timu ya chuo cha Indiana ambacho hawajawahi kukiona. Hawa wakapewa jina la wahitimu wa treni. Watoto wao na wajukuu wao bado wanaishangilia. Nilimwita Baba watoto nikamwonyesha. Akasema: "Na mimi ni mhitimu wa koti."

Kitu kimoja kilinikaa kichwani niliposhuka tena chini. Ukuta ule hauna sura ya mtu hata moja, ni helmeti tupu. Mchezaji anakaa miaka minne, mitano, anaondoka. Na sasa hata minne ni bahati: tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, na kuhama chuo kumekuwa rahisi, hivyo shujaa wako wa mwaka huu anaweza kuwa wa jirani mwakani. Mashabiki wanalalamika sana juu ya hilo, binti yangu akiwa mbele. Halafu Jumamosi wanavaa rangi zilezile. Waliyempenda hakuwa yule kijana wa namba saba.

Tathmini yangu ni nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya tamaa yangu mwenyewe: ningependa kibanda kimoja ambamo mgeni anakaa chini, anasema mbele ya kamera alivyoanza kuipenda timu yake, na sisi wengine tunasikiliza. Pale kwenye foleni ya mlangoni nilisikia hadithi bora kuliko nyingi za kwenye skrini.

Kwa familia ya watu wanne, tiketi na maegesho si pesa ya kuchezea, kwa hiyo panga siku moja na Georgia Aquarium ambayo ni ya kutembea kwa miguu, au njoo na treni ya MARTA. Tenga saa tatu kama una watoto, mbili kama huna. Epuka siku ya mechi kubwa Mercedes-Benz Stadium, maana ni jirani na barabara zote zinajaa. Na kama nyumba yenu imegawanyika kama yetu, mama asajiliwe wa kwanza, kabla watoto hawajafika kwenye skrini.