Jino la mbele la mwanangu: nusura ling'olewe

Mwanangu alianguka na baiskeli akiwa na miaka 7 na nusu. Jino la mbele la juu, ambalo halikuwa limemaliza hata miezi sita tangu liote, likakatika pembe. Alilia siku moja tu, nasi tukalipuuzia. Kosa letu. Baada ya miezi mitano likawa la kijivu, na kwenye ufizi kikaota kipele cha usaha.

Kliniki ya kwanza hapa Dar (siitaji) walimulika tochi wakasema ling'olewe. Picha ya eksirei hawakupiga. Nikauliza, litaota lingine? Wakatazamana. Nikamshika mtoto mkono tukaondoka.

Kwa daktari wa meno ya watoto tulianza na picha. Akanionyesha kwenye skrini: "Mama, hili ni la kudumu, halioti tena. Na mzizi wake bado mchanga, ncha iko wazi." Kumbe jino likishatokeza, mzizi huhitaji kama miaka 3 ndipo ukomae na kufunga. Wa mwanangu uliishia njiani kwa sababu kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino, kilikufa. Hapo huwezi kuziba mzizi kama wa mtu mzima, maana dawa ya kujazia itapitiliza hadi kwenye mfupa.

Alipigwa ganzi, jino likazungushiwa mpira mwembamba wa kuzuia mate, kisha likaoshwa zaidi kuliko kukwanguliwa, kwa kuwa kuta zake ni nyembamba. Likakaa na dawa ya chokaa wiki tatu mpaka kipele kikanywea. Zamani dawa hiyo ingebadilishwa miezi na miezi hadi ncha ijifunge, na ikikaa mno jino huwa jepesi kuvunjika. Sisi tuliwekewa MTA, saruji fulani ya meno inayoganda penye unyevu, kama milimita 4 pale nchani. Safari ya tatu likajazwa, na pembe yake ikarudishwa.

Kilichoniudhi ni foleni: miadi saa tatu, kuingia saa sita. Na hiyo MTA ni ghali, bima ikaikataa, nikatoa mfukoni. Rangi nayo bado ya kijivu. Wamesema wataishughulikia baadaye.

Mwaka umepita. Picha ya juzi inaonyesha mfupa umejijenga upya. Ila mzizi utabaki mfupi na mwembamba, kwa hiyo muwa na mahindi ya kuchoma ni marufuku kung'ata kwa mbele. Hilo ndilo analolalamikia yeye, sindano alishazisahau.